Karuni na Wale Waliomtazama



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya ugonjwa mmoja usio na homa wala kikohozi, nao umeingia katika nyumba zetu hata huku juu, katika vilima vya Kasulu na Kibondo, ambako zamani tulidhani ni mbali na kishindo cha miji. Ugonjwa wenyewe ni kuwastaajabia matajiri na wenye vyeo.

Sikilizeni mazungumzo ya vijana siku ya gulio. Fulani amenunua gari. Fulani amejenga ghorofa Dar es Salaam. Fulani ameteuliwa, na sasa hapiti ila na wafuasi nyuma yake. Yule mama aliyetoka kwake kabla ya jua kuchomoza na mzigo wa maharage kichwani, ambaye bila ya yeye na wenzake gulio lisingekuwa gulio, hana anayemtaja. Kisha jioni kijana huifungua simu yake, akatazama nyumba za watu asiowajua na harusi za watu wasiomjua. Akiinua macho, huiona nyumba ya baba yake, nayo humwonekea kama aibu.

Hilo la mwisho ndilo lituhuzunishalo. Mtu kutazama gari zuri si dhambi. Lakini kijana anapoanza kumwonea haya baba aliyemlea kwa jembe, hapo kumeharibika jambo, na yatupasa sisi wazazi kuuliza tumelifundishaje jicho lake.

Kurani Tukufu, katika Suratul Qasas, yatusimulia habari ya Karuni, mtu wa kaumu ya Nabii Musa (a.s.). Alipewa hazina nyingi hata funguo zake zikawa mzigo mzito kwa kundi la watu wenye nguvu. Alipoonywa asijivune akasema kuwa mali ile aliipata kwa elimu yake mwenyewe. Siku moja akawatokea watu wake katika mapambo yake yote. Waliopenda maisha ya dunia wakatamani wangalipewa mfano wa alivyopewa yeye. Na wenye elimu wakawakemea, wakawakumbusha kuwa malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora kwa mwenye imani na matendo mema. Kisha ardhi ikammeza Karuni pamoja na nyumba yake. Wale waliotamani mahali pake jana wakaamka wakimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa hakuwapa walichokitamani.

Wengi wetu husimulia habari hii kwa ajili ya Karuni. Leo twawaomba mtazame ukingo wa barabara, waliposimama watu. Hao hawakuwa na hazina wala funguo. Hawakumdhulumu mtu. Hata hivyo Kitabu hakikuwaacha. Kimeyaandika maneno yao na kuyaweka karibu na maneno ya Karuni. Kwa nini? Kwa sababu fahari ni bidhaa, na kila bidhaa huhitaji mnunuzi. Lau watu wale wangaliendelea na kazi zao siku ile, Karuni angalipita na mapambo yake kama apitaye msafiri yeyote. Macho yao ndiyo yaliyomfanya mkubwa. Basi kosa la Karuni ni la Karuni, lakini kosa la watazamaji laweza kuwa letu, sisi tusio na funguo hata moja.

Nchi hii ya Buha yajua vizuri habari za wakubwa wa kutazamwa. Wazee wetu walikuwa na desturi iitwayo ubugabire. Asiye na ng'ombe alikwenda kwa mwenye ng'ombe wengi, akapewa mmoja amtunze. Akapata maziwa na samadi ya shamba lake. Naye akawa mtu wa yule bwana, akimfanyia kazi, akimpelekea vyakula, akisimama nyuma yake penye mkusanyiko. Ng'ombe mwenye pembe ndefu akawa kipimo cha utu, na asiye na ng'ombe wala bwana akahesabiwa si kitu.

Na juu ya wenye ng'ombe walikuwa watawala walioitwa Mwami: huko Heru, upande wa Kasulu, huko Muhambwe, upande wa Kibondo, na huko Buyungu, ambako leo ni Wilaya ya Kakonko. Katika miaka ya 1950 Heru ilikuwa chini ya mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyejulikana mbali sana nje ya Buha. Hatumlinganishi yeye wala wenzake na Karuni, hasha. Twataka tu kuonyesha jinsi ukubwa ulivyo. Mwaka 1963, kwa sheria iliyopitishwa Dar es Salaam, uchifu ulifutwa katika Tanganyika yote. Enzi ambazo babu zetu walidhani zimeota pamoja na vilima zikaisha kwa karatasi na wino.

Na asubuhi ya siku ya pili ikawaje? Ng'ombe walikamuliwa. Wanawake walishika majembe. Muhogo ulimenywa, ukalowekwa, ukaanikwa juani. Jina la Muhambwe leo ni jina la jimbo la uchaguzi, na Heru Juu ni kata. Lakini maharage yapandwa kila msimu kama yalivyopandwa zamani, na wapandao ni wale wale ambao hakuna aliyewahi kuandika majina yao.

Wakubwa wa pili walikuwa mbali, nao ni wenye mashamba ya mkonge. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi, na katika wilaya zetu njia za kuipata fedha zilikuwa chache mno. Ikawa vijana wa Kasulu na Kibondo hawana budi kusafiri kwenda Tanga na Morogoro, siku nyingi kwa miguu, kwa malori na kwa gari la moshi, kukata mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kukusanya vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mtu alipewa kipande cha kuandikiwa siku 30 za kazi, na namba ya kuitiwa. Kwa namba hizo wakaitwa manamba.

Wako waliorudi na sanduku na nguo mpya, na watoto wa kijiji wakalikimbilia sanduku. Wako waliorudi na vifua vibovu. Wako wasiorudi kabisa, na wajukuu wao hata leo wako Tanga na Morogoro. Lakini tuulize: miaka yote hiyo ambapo mwanamume alikuwa akihesabiwa kwa namba katika shamba la mtu mwingine, ni nani aliyekuwa akiilisha nyumba yake huku Buha? Ni mama yake na mkewe. Hao hawakuwa na sanduku la kukimbiliwa na watoto. Walikuwa na jembe, mtoto mgongoni, na ghala ambalo hawakuliacha liwe tupu.

Na wale mabwana wa mkonge, ambao zamani hapakuwa na wakubwa kama wao? Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge na kushika nafasi ya kwanza duniani. Kisha kamba za nailoni zikaenea, bei ikaanguka. Mwaka 1967 Serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba. Katika miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufika tani 40,000 kwa mwaka, na mashamba mengi yakawa vichaka. Siku ya pili ya Karuni huja kwa njia nyingi. Si lazima ardhi ipasuke.

Basi ni kina nani waliotubeba muda wote huu? Wazee walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Tazameni Uvinza, kusini ya Kasulu, penye chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu waliochimba huko katika miaka ya 1960 walitambua kwamba watu wameichemsha chumvi hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kila kiangazi watu walikusanyika, wakachota maji yale, wakayachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Nayo ikabebwa mpaka Burundi, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mtoto wa shule ajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Hapana mtoto aulizwaye katika mtihani ni nani aliyeichemsha chumvi ya chakula chao. Na kwa hakika mabwana wale wawili wasingalikutana watu wa huku wangaliendelea kuishi. Lakini kama chumvi ingalikosekana, hakuna nyumba isiyojua tofauti.

Hali kadhalika mrina asali wa misitu ya Kibondo, apandaye mtini kuutundika mzinga wake na kungoja kwa subira mpaka nyuki waingie. Hali kadhalika mkulima wa maharage ya manjano, ambayo watu wa mjini huyaita maharage ya Kigoma na kuyasifia utamu wake bila kumjua aliyeyapalilia. Hali kadhalika mwalimu wa madrasa, fundi cherehani wa barazani, mkunga, na mtu afagiaye msikiti. Hadithi zatuambia kwamba alikuwako mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina, akafa usiku, akazikwa bila Bwana Mtume (s.a.w.) kuarifiwa, kwani waliona jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa aliuliza habari zake, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akamwombea. Wasomaji, ni mwenye cheo gani wa Madina wa zama zile tunayemkumbuka kwa sababu ya farasi wake? Lakini mfagiaji yule twamkumbuka.

Kuna ushahidi mwingine, na huu tumeuona kwa macho yetu. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na ugomvi wa waliotaka dola ukawamwaga watu wengi katika mpaka wetu. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikawaleta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mwaka 2015 wakubwa wa Burundi wakateta tena juu ya kiti cha urais. Kambi ya Nduta, huko Kibondo, ikafunguliwa tena, na Nyarugusu ikajaa watu zaidi ya 100,000. Kila mara hesabu ilikuwa moja: walioanzisha jambo walikuwa watu wa kutazamwa, wenye magari na walinzi, waliolipa walikuwa watu wa kawaida, wenye vikapu na watoto. Nao walipovuka mpaka kwa miguu usiku, mlango waliobisha kwanza ulikuwa wa mkulima, mwenye ugali wa muhogo na maji ya mtungi. Hatusemi kuwa haukuwa mzigo; kuni ziliadimika, na mashamba mengine yaliibiwa. Lakini mwenye kutaka kujua ni wapi ulimwengu huu unaposhikiliwa usianguke, na aende akatazame kizingiti cha nyumba ile.

Huenda msomaji akasema: Je, mwataka vijana wetu wakae maskini? Wasisome, wasifanye biashara, wasipate vyeo? Hasha! Dini yetu haikuichukia mali. Sayidna Othman bin Affan (r.a.) alikuwa tajiri mkubwa. Lakini angalieni twamtajaje: twamtaja kwa kisima cha Ruma, alichokinunua ili watu wa Madina wanywe maji bila ya malipo. Wingi wa dhahabu yake hatuujui, wala hatuna haja ya kuujua. Mali yake ilimtoka ikawa maji, na maji ndiyo yaliyobaki na jina lake. Basi kijana na asome awe daktari, awe mfanyi biashara, awe hata waziri. Lakini azitafute kazi hizo kwa ajili ya kisima atakachochimba, wala asizitafute kwa ajili ya macho ya watu wa barabarani.

Tena kuna tofauti kati ya kujitahidi na kustaajabia. Mwenye kujitahidi hutazama mikono yake. Mwenye kustaajabia hutazama mikono ya mwenzake. Wa kwanza akiliona shamba zuri la jirani huuliza, amelimaje? Wa pili huuliza, amepataje bahati? Wa kwanza hurudi nyumbani na mbegu; wa pili hurudi na kinyongo, na kesho atakuwa tayari kwa lolote, hata la haramu, mradi naye atazamwe.

Nasi wazazi tusiwaonee vijana peke yao. Simu hazikuwafundisha yote. Mengi wameyaona kwetu. Wameona jinsi tunavyompisha tajiri msikitini akichelewa, na kumsogeza nyuma mzee aliyekwisha kaa tangu adhana. Wameona jinsi mzee wa busara anavyokatizwa maneno barazani, na mwenye gari anavyosikilizwa hata anaposema upuuzi. Wametusikia tukisema mkono mtupu haulambwi, nao wakaelewa kuwa ndiyo sheria. Wameona baba akiuza maharage yangali mabichi shambani, kwa bei ya hasara, ili apate fedha ya karamu ya harusi itakayosemwa mpaka kijiji cha pili; kisha wakaona njaa ikiingia nyumbani kabla ya msimu mwingine. Karamu ya siku moja ya kutazamwa, na miezi ya kukopa unga!

Na zaidi ya yote wameona tunavyowapokea wachumba wa binti zetu. Imepokewa kwamba mtu mtukufu alipita mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.), naye akawauliza waliokuwapo wamwonaje. Wakajibu kuwa huyu akiposa anastahili kuozwa, na akimwombea mtu anastahili kukubaliwa, na akisema husikilizwa. Kisha akapita Mwislamu fakiri. Akawauliza tena, wakasema kuwa huyu akiposa haozwi, akiombea hakubaliwi, na akisema hasikilizwi. Hapo Mtume akawaambia kuwa fakiri yule ni bora kuliko dunia iliyojaa watu mfano wa yule wa kwanza. Maneno haya twayasoma katika madrasa zetu, tukayaeleza vizuri. Kisha mkulima mwenye sala na tabia njema akija kuposa, twamwuliza ana nini. Na mwenye fedha akija, hatumwulizi amezipata wapi. Binti asimamaye nyuma ya pazia husikia maswali yote mawili, naye hulijua somo lililo la kweli.

Dawa ipo, wala haihitaji fedha. Kwanza, jioni mkikaa kula, waulizeni watoto: chakula hiki kimepita katika mikono ya nani? Watajeni kwa majina: aliyelima, aliyesaga, aliyeteka maji, aliyepasua kuni, na aliyepika. Mtoto atakayeyazoea maswali hayo hatakosa adabu mbele ya mwenye jembe. Pili, pimeni watu kwa kipimo hiki: mtu huyu akiacha kazi yake mwezi mmoja, ni nani atakayeumia? Akiacha mama mkulima, kijiji chalala njaa. Akiacha mkunga, roho zapotea. Akiacha mwenye kupita na mapambo, barabara yabaki na nafasi. Tatu, aliye mkubwa kwa haki mheshimuni kwa haki: mwamuzi aamuaye bila rushwa, kiongozi ajengaye zahanati, tajiri alipaye vibarua wake kabla jasho halijakauka. Huyo heshima yake i katika kazi yake, naye yu mwenzenu, mfanyi kazi kama nyinyi.

Na ninyi vijana wetu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, tuna neno moja nanyi. Siku mtakapoionea haya nyumba ya baba zenu, kaeni kidogo muihesabu. Ukuta ule, ni matofali mangapi aliyoyafyatua kwa mkono? Ada ya shule, ni magunia mangapi ya maharage? Sare ile ya kwanza, ni debe ngapi za asali? Mto Malagarasi huanza kama kijito hapa karibu na mpaka wa Burundi, nao huzunguka mbali sana mpaka uingie katika Ziwa Tanganyika. Hapana awezaye kuusifu mto na kulitukana tone. Ninyi ni mto. Na matone yenu ni siku za kazi ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya wale wenye elimu, waliosimama barabara ile ile siku ile ile, wakamwona Karuni yule yule, wala wasitamani kuwa yeye. Atubarikie majembe yetu, mizinga yetu na vyungu vyetu. Na atuwezeshe kuwaheshimu walio karibu nasi kabla hatujawastaajabia walio mbali. Amin.